Ngwe mbili ni ardhi kiasi gani? Naomba msaada

Binti wa Mambrui:
Assalaam alaykum. Marehemu baba ameacha karatasi ya daftari, wino ushaanza kufifia, ameandika: "Ngwe mbili za upande wa kisima, alizokuwa akilima mama yake, ni za binti yangu." Kaka yangu ashikilia kuwa ngwe ni eka. Shamba zima halifiki eka nne! Nikikubali, nitawadhulumu ndugu zangu watano. Nikikataa, naogopa kupuuza neno la baba. Ngwe ni nini hasa?

Mkulima Mkongwe:
Waalaykumu salaam mwanangu. Ngwe si eka. Ngwe asili yake ni kamba. Shamba hupimwa kwa kamba upana, vijiti vikachomekwa, kila mtu akapata ukanda wake wa kulima kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Huo ukanda nao ukaitwa ngwe. Mimi nimeshika kamba hiyo utotoni, ya makumbi, yakata viganja. Ukimaliza ngwe yako, waenda zako hata kama jua liko utosini. Ni neno zito pia: enzi Malindi ikipeleka mtama Arabuni, watumwa ndio waliokatiwa ngwe hizo, hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1907.

Basi usitafute hesabu kwenye kamusi. Kila shamba na kamba yake. Muulize aliyelima ubavuni mwa mama yako ngwe yake iliishia wapi.

Mdigo wa Tanga:
Huku twasema kiongozi yuko "ngwe ya pili", yaani kipindi cha pili. Naona ni lile lile, sehemu ya kazi uliyokatiwa.

Wakili Mstaafu:
Dada, kuna jambo zito kuliko kipimo. Katika sheria ya Kiislamu, mrithi hausiwi ila warithi wengine waridhie. Wewe una fungu lako la mirathi tayari. Kaeni kikao, mkikubaliana andikeni na mtie saini, kisha mwende kwa kadhi. Mpima ardhi aje baadaye. Mkianza naye mtagombana juu ya vigingi.

Binti wa Mambrui:
Mzee, umenitoa machozi. Mama alikuwa akiitwa kula hujibu, "Sijamaliza ngwe yangu," nami nikidhani ni msemo tu.

Jana nimekwenda kwa jirani aliyekuwa akilima naye. Amenionyesha visiki viwili vya mbono, kimoja karibu na kisima, kimoja kule kwenye mwembe. Asema ngwe za mama zilikuwa baina ya hivyo. Nimehesabu hatua kumi na nane za upana. Eka mbili haifiki hata kidogo.

Nimempigia kaka. Amenyamaza, kisha akaniuliza visiki viko wapi. Kesho baada ya alfajiri twaenda na jirani tukamwonyeshe, na Jumamosi ndugu sote sita tutakaa kikao.