Naomba ushauri: kaliandra na sesbania kwenye ekari moja

Ndugu wanachama, salamu kutoka Maseno, Kisumu. Nalima mahindi na maharagwe kwenye ekari moja yenye mteremko, nafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, na udongo umechoka kiasi kwamba kiduha, gugu lenye maua ya waridi linalofyonza mizizi ya mahindi, limeenea hadi karibu na boma.

Nakusudia kupanda kaliandra, mti mdogo wa malisho, kwenye kingo za matuta, kwa kuwa huzuia mmomonyoko, na takriban kilo 3 za majani yake mabichi huweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Je, niikate kwa urefu gani ili isiyatie mahindi kivuli?

Linalonitatiza zaidi ni sesbania. Najua kwamba sehemu ya shamba ikipumzishwa chini ya miti hiyo kwa msimu mmoja au miwili, rutuba hurudi na kiduha hupungua. Lakini mizizi yake pia huhifadhi minyoo fundo, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni wanaotia mizizi mafundo, ambao hushambulia maharagwe na nyanya. Aliyewahi kuitumia alipanda zao gani baada ya kuing'oa? Ningependa kuandaa kitalu kabla ya mvua za masika.