Eti mke mwenye adabu avae kanga ISIYO NA JINA?!

Bi Mkubwa wa Doti: Wakuu, hodi na hasira zangu. Yule mwalimu wa ndoa mnayemjua, yule wa kipaza sauti na jasho, jana usiku kasimama mbele ya ukumbi mzima akasema mke mwenye adabu huvaa kanga isiyo na jina. Isiyo na jina! Na watu wakapiga makofi mpaka mabati yakataka kung'oka.

Kanga ina pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Toa jina, umebakiwa na kitambaa cha meza. Huyu ndiye anayetufundisha kukaa na waume?

Eti jina linamuumiza mume. Linaumiza likivaliwa ovyo! Jina liko chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Ukijifunga kiunoni linaangukia nyuma, kwa hiyo analisoma aliyebaki anakutazama ukiondoka. Ukipita nalo sebuleni mawifi wamekaa, umeshamshtaki mume kwa ukoo wake. Ukitoka na NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU kwenda dukani, mtaa umejua kabla yake. Jina hilohilo chumbani, mlango umefungwa, mume ana hiari ya kulijibu au kujifanya hakuliona, na heshima yake ipo palepale. Ukimtolea kwa mdomo hapati nafasi hiyo. Kanga kwanza, maneno baadaye jambo likishapoa. Akishajibu, ikunjwe irudi sandukuni. Ikivaliwa siku tatu mfululizo hiyo si kauli tena, ni ugomvi.

Na kanga yenyewe kaishika kichwa chini miguu juu! Maandishi yanatazama dari, yeye anahubiri. Isiyo na jina, jamani!

Mzee wa Bandarini: Mwalimu kachemka. Ila na nyie dada zetu mnachagua rangi, jina mnalisoma mkishafika nyumbani. Muuzaji akifungua doti, macho yaende kwenye jina kwanza. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI ukimpelekea mama mkwe, nani atakuokoa?

Chuma cha Reli: Bi Mkubwa, "isiyo na jina" umeirudia mpaka simu yangu imepata moto. Kunywa maji ulale.

Bi Mkubwa wa Doti: Silali! Kaishika kichwa chini!

Asali Mbichi: Bora hata kanga. Mngeongelea hizi status za WhatsApp. Saa 24 fumbo liko hewani, kuanzia bosi mpaka muuza mkaa wanalisoma. Mtu anamficha mume peke yake kwenye mipangilio, anamwacha wifi. Wifi anapiga picha ya skrini, mume analetewa kabla ya chai. Ukifuta umechelewa, picha iko kwenye kundi la familia.

Cherehani Nyeusi: Mimi kero yangu ni mafundi. Doti inauzwa vipande viwili vimeshikana, unakata katikati ya mapindo, kisha ncha zinapindwa. Wao wanapinda kabla ya kufua! Pamba ikiingia maji inarudi, uzi haurudi, pindo linajikunja kama sikio la mbuzi. Roweka maji baridi wanga utoke, anika, piga pasi, NDIPO upinde. Na upindo uwe mwembamba, fundi akikunja kwa pupa anakula maua ya pindo.

Asali Mbichi: Na zile za poliesta wanazouza kwa bei ya pamba? Hazinyonyi jasho, zinateleza kiunoni. Vuta uzi mmoja uchome: pamba inaacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Bi Mkubwa wa Doti: Mada ni JINA, wakuu!

Chuma cha Reli: Cherehani, nyekundu mpya ikichuja je? Kuna mashuka meupe humu ndani yameshageuka waridi.

Cherehani Nyeusi: Ifue peke yake, maji baridi, mpaka maji yatoke safi. Usiiache imelowa kwenye beseni, na anika kivulini.

Mzee wa Bandarini: Hayo mashuka yaloweke tena leo, kabla hayajapigwa pasi.