Waifai haipandi ghorofani, nyumba ya mawe Mji Mkongwe. Nifanyeje?

BintiMkunazini
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatupa hela.

Tunakaa nyumba ya ukoo hapa Mji Mkongwe, Unguja. Zile za zamani za mawe na chokaa, chini na ghorofa mbili juu, katikati ua wa ndani ulio wazi mpaka paani. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu mzima anakaa dirishani na miguu akaikunja, nafasi bado ipo. Faiba imeingia kwa mlango wa mbele, na fundi akaiacha ruta papo hapo sebuleni, nyuma ya tivii.

Sebuleni hatuna shida. Ghorofa ya kwanza kwa mama inasuasua, khalati akipiga video kutoka Maskati uso unaganda, sauti inakuja vipande vipande, mwishowe mama anajitanda kanga anashuka ngazi na simu mkononi. Ghorofa ya pili kwa mdogo wangu anayesoma chuo, jina la waifai analiona ila haishiki.

Nimepigia kampuni iliyotufungia, wameniambia nipande kifurushi kutoka 20 Mbps kwenda 50. Darajani dukani nikaonyeshwa repita ya kuchomeka kwenye soketi, na ruta nyingine ya antena sita inayoonekana kama kaa. Ndani ninayo pia ruta ya zamani imelala tu kabatini. Nawasilisha.

Kipepeo255
Repita dada, usijitese. Mimi Kigamboni niliichomeka koridoni, nikabonyeza kitufe, kazi kwisha.

FundiWaya
Kipepeo, nyumba yako ni ya tofali za inchi 6. Huyu anaongelea ukuta wa karibu nusu mita, mawe ya matumbawe, na mengi yana unyevu kwa sababu chokaa inavuta maji kutoka chini. Maji yanakula mawimbi ya redio vibaya sana. Usilinganishe.

Dada, kwanza kifurushi waachie wenyewe. Hizo 20 Mbps au 50 ni spidi inayofika kwenye ruta, na ugonjwa wako uko baada ya ruta. Video ya simu haihitaji hata 5.

Pili, hiyo ya antena sita. Mawasiliano ni ya pande mbili. Ruta hata ikipiga kelele namna gani, simu ya mama nayo lazima ijibu, na redio ya simu ni ndogo. Utaona vijiti vimejaa halafu hakuna kinachofunguka.

Tatu, repita. Nyingi za bei rahisi zina redio moja, inapokea kisha inarusha tena kwa masafa yaleyale, kwa hiyo spidi inagawika nusu hata kabla ya kukutana na ukuta. Halafu watu huziweka palepale mtandao ulipokufa. Sasa itarudia kitu gani?

Kabla ya kununua chochote, pakua programu ya bure ya kupima waifai kwenye Android. Itakupa namba yenye alama ya kutoa, dBm. Ikishuka kwa 10, nguvu imebaki sehemu moja ya kumi. Kwa video lenga −67 au bora zaidi, yaani karibu zaidi na sifuri. Ikivuka −80, sahau. Pima sebuleni, kwa mama, juu, na pia kwenye varanda ya ndani inayotazama ua. Mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa.

BintiMkunazini
Nimepima. Ruta inarusha kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Hapa ni 2.4, ile ya 5 ikitoka sebuleni haionekani tena.
Sebuleni −41. Varanda ya ghorofa ya kwanza −63. Kwa mama mlango wazi −70, ukifungwa −79. Kwa mdogo wangu −88. Lakini akitoka nje ya chumba, akiegemea reli ya varanda ya juu, inakuwa −72! Sikutegemea.

MtuWaLamu
Namba zako zimeshasema kila kitu. Mtandao haupiti kwenye kuta zako hata kidogo, unatoka kwa mlango wa sebule, unaingia uani, unapanda juu kwa hewa, halafu unagonga mlango wa chumba. Nyumba zetu za Lamu ni hivyohivyo. Dari ni boriti za mikoko, na boriti haivuki kama mita tatu, kwa hivyo vyumba ni vyembamba na kuta ni nyingi. Ukipiga mstari kutoka mbele hadi nyuma unakuta kuta tatu nne. Kwenda juu pia si rahisi, maana juu ya boriti kuna mawe na chokaa.

Basi utumie huo ua. Kitu cha kurusha waifai kikae varandani, kitazame milango ya vyumba, na kifikiwe na waya. Kwanza kabisa toa ruta nyuma ya tivii. Tivii ni bamba la chuma, ipandishe juu ya kabati karibu na mlango wa uani. Hilo ni bure, lifanye leo.

Zamoyoni_IT
Mbona mnamzungusha? Hayo yamepita, siku hizi watu wanaweka meshi. Unanunua pakiti ya vifaa vitatu, kila ghorofa kimoja, jina moja la waifai nyumba nzima, simu inahama yenyewe.

FundiWaya
Meshi sina ugomvi nayo. Ila vifaa vyake vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe kwa waifai, aghalabu kwa 5 GHz, na dada kasema 5 haitoki sebuleni. Akiviweka vyumbani kama picha ya kwenye boksi inavyoonyesha, amenunua repita tatu za bei ghali. Akiviweka varandani vikaonana kupitia ua, vitafanya kazi. Akiviunga kwa waya, vizuri zaidi. Lakini ukishavuta waya, ile ruta iliyolala kabatini inatosha.

Zamoyoni_IT
Hapo kwenye kuonana nakubali. Ila asije akalia simu ikimng'ang'ania ruta ya chini.

BintiMkunazini
Jamani kutoboa ukuta mama hataki kusikia, na huku ukigusa ukuta wa nje unaulizwa na Mamlaka ya Mji Mkongwe, tuko kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Ami yangu anasema kuna adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Je?

FundiWaya
Zipo na zinafanya kazi, nyumba ikiwa na waya mzuri. Zote mbili lazima ziwe kwenye fezi moja, na zichomekwe moja kwa moja ukutani, ukipitisha kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme inanyonga mawimbi. Umeme wa nyumba za huko umeungwaungwa miaka na miaka. Ukimpata mtu wa kukuazima jaribu, usinunue kwa matumaini.

Kutoboa hakuhitajiki. Waya wa neti, yaani wa intaneti, una unene wa kalamu ya wino. Unatoka sebuleni kwa juu ya fremu ya mlango, unapanda na bomba la maji ya mvua ndani ya ua, unafungwa kwa vibanio vya plastiki mpaka varanda ya kwanza, na wa pili unaendelea mpaka varanda ya juu. Umbali unaoruhusiwa ni mita 100, wewe hufiki hata 30.

Kitu cha kukazia dukani: waya wa Cat5e au Cat6 wa shaba tupu. Wanauza sana ule wa alumini iliyopakwa shaba, kwenye ganda umeandikwa CCA. Kwangua ncha kwa kiwembe: rangi ya fedha ikitokea, mrudishie. Unakatika ukiukunja na hauna maisha. Na kwa kuwa uani kuna jua, chukua wenye ganda la nje, huwa jeusi.

Ruta ya kabatini uifanye hivi. Ireseti. Iunganishe na laptopu kwa waya, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2 kama ile kubwa ni 192.168.1.1. Zima DHCP (kazi ya kugawia simu na kompyuta anwani, inayofanywa na ile kubwa), hili ndilo watu wengi hawalifanyi, halafu nyumba nzima intaneti inaenda na kurudi. Waya kutoka chini uingie kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), usiingie lile la WAN (la kupokea intaneti ya nje) lenye rangi tofauti. Jina la waifai na neno la siri yawe yaleyale ya chini. Chaneli ya chini weka 1, ya varanda ya kwanza 6, ukiongeza ya juu iwe 11. Hizo tatu hazigongani.

Anza na ghorofa ya kwanza peke yake, kisha upime tena juu. Huenda ruta ya varandani ikamfikia mdogo wako, maana yuko karibu na ua kuliko unavyodhani.

Na kuhusu alichosema Zamoyoni, ingia kwenye setingi za ruta ya sebuleni upunguze nguvu ya kurusha hadi nusu. Simu ya mama ikipanda ngazi itaiachia haraka, haitang'ang'ania.

BintiMkunazini
Ruta nimeshaihamisha juu ya kabati, varanda ya kwanza imekuwa −57 na kwa mama mlango ukifungwa −73. Waya nanunua Jumamosi, kiwembe ninacho. Swali la mwisho, masika uani panalowa chapachapa, na radi je?

MtuWaLamu
Ruta ikae chini ya paa la varanda, ndani ya boksi la plastiki lenye matundu kwa chini. Kabla waya haujaingia ndani, uache ulegee kidogo kama kitanzi, maji yadondokee hapo yasifuate waya hadi kwenye soketi. Vichwa vya waya visikae nje hata kimoja, hewa yetu ya chumvi inavila na utaona taa ya ruta inawaka na kuzimika bila sababu.

Radi, maadamu waya uko ndani ya ua, sina hofu kubwa. Usiupitishe juu ya paa kwenda kwa jirani. Siku mkitaka kugawana na jirani, hapo mvute faiba, kioo hakipitishi umeme.