Familia Muleba 🏡: muvi ya jana usiku

Neema: Shikamooni wakubwa. Jana umeme ulirudi saa mbili usiku nikamuwekea babu Saving Private Ryan, ile muvi ya vita ya pili ya dunia, kwenye laptopu, kaangalia yote mpaka mwisho hajasinzia hata kidogo. Leo tangu asubuhi yuko kimya, kaenda kwenye migomba karudi kakaa tu

Shangazi Koku: Marahaba Neema. Baba huyu huyu anayelala taarifa ya habari ikianza? Muvi ya karibu masaa matatu?

Edo: shikamoo shangazi. Neema nawe umemuwekea mzee ile?? ile kali ufukweni tu pale mwanzo, dakika ishirini na kitu za moto halafu baada ya hapo wanatembea wanaongea wanatembea wanaongea. Mngeningoja nakuja Jumamosi na Black Hawk Down kwenye flashi, wale wakishashuka tu kwenye helikopta hakuna kupumua tena mpaka mwisho

Baba Mdogo Deo: Edo umekulia kwenye simu wewe ndo maana kutembea kunakuchosha. Sisi tulikaa kibanda umiza kwenye benchi la mbao, watu mia kwenye chumba cha watu ishirini, jasho, deki inakwama, na Lufufu anatafsiri. Na sheria ilikuwa moja tu, stelingi hafi. Akipigwa risasi ni ya bega, anafunga kitambaa anaendelea. Muvi ambayo stelingi anakufa watu walikuwa wanadai hela yao 😂

Aneth: 😂😂 baba mdogo shikamoo. Huku Nairobi ni DJ Afro, mwanajeshi wa Vietnam anaongea kama konda wa matatu

Baba Mdogo Deo: Marahaba mama. Na ilikuwa tamu kuliko yenyewe! Lufufu alikuwa anaweka maneno ambayo hayapo, adui anatukanwa kwa Kiswahili safi. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli ilitokea. Ulilipa ufurahi ukafurahi ukaenda kulala

Edo: sasa si ndo nnachosema, muvi ni burudani, anayetaka historia akasome kitabu. Shangazi ni mwalimu hawezi kukubali hili 😅

Shangazi Koku: Shangazi yuko kwenye kikao cha walimu anachati chini ya meza, msinifukuzishe. Lakini Edo hiyo unayoisifia inasema yenyewe mwanzoni kwamba ni mambo ya kweli, Mogadishu Oktoba 1993. Ukishasema hivyo umejifunga mwenyewe, Rambo hakutuahidi kitu

Edo: na ni kweli shangazi, mbona kila kitu ni sahihi? Zile helikopta ni za jeshi la Marekani kabisa, walizitoa na marubani wao, mpaka wanavyoshuka kwa kamba ni wanajeshi wenyewe. Na Wamarekani walikufa 18, hawakuficha

Aneth: Hapo ndo pananiuma. Jirani yangu hapa ni Msomali, tulianza kuiangalia kwake siku moja tena kwa hamu kabisa, baada ya muda akaanza kucheka, nikamuuliza unacheka nini watu wanakufa, akasema hawa sio sisi. Wale wanaoitwa Wasomali mle sio Wasomali, sura sio, wanavyoongea sio, na picha yenyewe ilipigwa Morocco. Halafu Wasomali waliokufa siku ile ni mamia, na kwenye muvi nzima hutamjua hata mmoja jina lake na mama yake na alikuwa anafanya nini asubuhi ile kabla helikopta hazijaja. Wanatokea kwenye kona wanaanguka wanatokea wanaanguka, kama gemu. Akazima akaenda kuchemsha chai

Aneth: Na waliokwenda kuwatoa wale Wamarekani usiku ni Wamalaysia na Wapakistani na magari yao ya deraya. Wamalaysia ukipepesa jicho hujawaona, na kwao walilalamika sana

Edo: duh iyo ya Wamalaysia sikuijua

Baba Mdogo Deo: Hata mimi. Ila sasa na hiyo ya Neema msijifanye ni msahafu, kuna uongo humo pia. Vile vifaru vikubwa vya Wajerumani mwishoni darajani, Tiger, sio Tiger. Ni T-34 za Kirusi zimevalishwa mabati zifanane. Mtu anayejua vifaru anaona magurudumu tu anajua. Na ule ufuko sio Ufaransa ni Ireland

Neema: Na stori yenyewe ya kumtafuta askari Ryan ambaye kaka zake wamekufa vitani haikutokea hivyo, nilisoma jana baada ya kuangalia. Walikuwepo ndugu wanne wa familia ya Niland, wawili wakafa Normandy Juni 1944 siku mbili mfululizo, wa tatu akadhaniwa amekufa Burma kumbe ni mateka wa Wajapani. Wa nne, Fritz, akarudishwa nyumbani. Ila hakuna watu nane waliotumwa kuvuka mistari ya adui kumtafuta, alipatikana tu akaambiwa unarudi

Edo: AHAA! kwahiyo uongo ni kila mahali, basi tuchague yenye moto

Shangazi Koku: Ngoja Edo usiruke. Angalieni ilivyo sasa. Moja helikopta ni za kweli na watu ni wa bandia. Nyingine kifaru ni cha bandia na safari ni ya kutunga, lakini wazee waliokuwepo ufukweni siku ile walisema ndivyo ilivyokuwa, wengine ikawarudishia mambo mpaka serikali yao ikaweka namba ya simu ya kupiga. Mimi kama ni kudanganywa nidanganywe kifaru

Baba Mdogo Deo: Hapo Koku umenipiga chini. Ila kifaru kimeniuma bado 😂

Neema: [sauti 1:51]

Neema: Babu huyo, nilikuwa namsomea mnavyobishana kanyang'anya simu

Shangazi Koku: Siwezi kufungua sauti hapa mkuu yuko mbele yangu. Tuandikie mama

Neema: Sawa. Anasema "Edo anataka moto. Sisi moto tuliuona Lukaya kule Uganda, vita ya Amin, Machi 1979, na nilichoona mimi ni tope. Barabara imeinuka, kinamasi kushoto kinamasi kulia, huna pa kwenda. Wengi wetu tulikuwa mgambo, mimi nina miezi michache tu tangu nishike bunduki ya kweli. Walibya wa Gaddafi waliokuja kumsaidia Amin wakaanza kurusha yale makombora yanakuja mengi kwa pamoja yanapiga kelele. Tulikimbia." Halafu akaniambia andika hivyo hivyo Neema, tulikimbia

Baba Mdogo Deo: Mzee hiyo hujawahi kutuambia. Miaka yote ni tulifika Kampala tarehe 11 Aprili na watu wakatupa maua

Neema: Anasema "maua yalikuwepo. Na kukimbia kulikuwepo. Mlikuwa mnauliza maua."

Edo: shikamoo babu. Kwahiyo mlishindaje kama mlikimbia?

Neema: "Marahaba. Brigedi yetu ya 208 ilikuwa mbali, ikatembea ikazunguka nyuma yao, kesho yake asubuhi ikawapiga kutoka upande ambao hawakutegemea na sisi tukarudi kutoka huku. Walikufa Walibya wengi."

Edo: ebwana hiyo ndo muvi sasa!! stelingi anatoka brigedi ya 208, anatembea usiku peke yake mbele...

Neema: Babu kacheka mpaka kakohoa. Anasema "Stelingi ni mwenye viatu vizima. Kutoka Mutukula mpakani hadi Kampala ni mguu mtupu, mvua, mtu soksi zimeoza ndani ya buti anazivua na ngozi. Sijaona muvi mtu anaangalia miguu yake. Risasi haziishi, njaa haiji, hakuna anayeharisha."

Aneth: 😂😂😂 babu jamani tunakula huku

Shangazi Koku: Nimecheka kikaoni wamenigeukia wote. Lakini anachosema ni kikubwa, vita nzima mtu anakaa anangoja na kutembea, kupigana kwenyewe ni masaa machache. Muvi ikionyesha kungoja kote watu watatoka, isipoonyesha kabisa imedanganya. Wale wanaotembea wanaongea anaowachukia Edo ndo kungoja kwenyewe

Edo: sawa nimekubali NUSU. Ila hata babu hakulala kwasababu ya ule mwanzo, moto ndo ulimkamata

Neema: Nimemuuliza. Anasema sio mwanzo. Mwanzo alikuwa anaangalia maji tu anawaonea huruma wasiojua kuogelea na mizigo ile. Anasema kilichomkamata ni yule kapteni, mkono

Edo: mkono gani?

Neema: Kapteni Miller, Tom Hanks. Mkono wake wa kulia unatetemeka, anaushika ama anauficha askari wasione. Hamna anayeelezea kwanini, unatokea tu mara kadhaa. Babu anasema "aliyeandika pale alikaa na askari akamwangalia. Hicho hukisomi kwenye kitabu cha mabrigedi. Vifaru vya Deo mimi hata sikuviona."

Neema: halafu kanirudishia simu katoka nje

Baba Mdogo Deo: Mimi sikumbuki huo mkono kabisa na nimeiona mara nne

Aneth: Mimi pia nakumbuka yule anayebusu msalaba kabla ya kulenga tu

Shangazi Koku: Deo. Unakumbuka mama alivyokuwa anamtilia baba chai?

Baba Mdogo Deo: Nusu kikombe

Shangazi Koku: Siku zote nusu. Wageni wanajaziwa, sisi tunajaziwa, baba nusu, na akimaliza anaongezewa nusu nyingine. Mimi nimekua najua ni ili ipoe haraka

Baba Mdogo Deo: Na alikuwa anashika kwa mikono miwili

Aneth: 😔

Edo: dah

Neema: [sauti 0:19]

Neema: Karudi kaniambia nimsomee kilichoandikwa. Anasema "Koku, mama yako alikuwa bahili wa sukari. Nusu kikombe kijiko kimoja, kikombe kizima viwili, ndo hesabu yake hiyo. Kikao kikiisha nipigie. Na Edo hiyo ya helikopta ilete Jumamosi tuione na miguu yao."