Kikaratasi Mlangoni pa Nyanya

*Kikundi: Hadithi za Vijana, Kilifi*

Kadzo: Baraka, rasimu ya hadithi yako nimeisoma. Kikaratasi cha usiku kinachomwambia nyanya ahame ndani ya siku saba kiko sawa. Lakini mpaka sura ya nne msomaji bado anaulizwa kama nyanya ni mchawi kweli. Hilo si fumbo jamani. Fumbo ni nani ana njaa ya shamba.

Baraka: Shikamoo mwalimu, hebu tusaidie hapo.

Mwl. Katana: Marahaba. Kwanza, shamba liko kwa jina la nani? Likiwa bado la marehemu babu, Sheria ya Urithi, Sura 160, inamwachia mjane alitumie maisha yake yote. Wana wanagawana akishafariki. Kuliuza yeye yu hai kunataka ridhaa yake, ya watoto wote watu wazima, na ya mahakama.

Baraka: Kumbe ndo maana mtu hangoji 😳

Mwl. Katana: Ila kifungu cha 96 kinasema muuaji harithi aliyemuua. Kwa hiyo mwenye njama anataka mikono ya wengine, na sababu ambayo kijiji kizima kitaitikia "alistahili". Hapo ndipo neno mchawi linapopata kazi.

Bi Mapenzi: Mbona mmesahau mvi? Huku wazee wanatia kanta, rangi nyeusi ya nywele, wasinyooshewe kidole kuwa ni wachawi. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ukiona mstari mweupe wa upana huo kwenye shina, kanta imekatika mwezi mzima.

Kadzo: Mjukuu ndiye humpaka. Akaenda bweni, muhula ukaanza…

Bi Mapenzi: Haya. Na nyanya hatoki bila leso kichwani. Njiani hakuna anayeona kitu. Sasa kikaratasi kiandike "kizee cha mvi". Nani kaziona?

Baraka: Aliye ndani ya nyumba!! Mama, umetuua.

Kadzo: Basi kanta ionekane ukurasa wa kwanza, bakuli, mswaki wa zamani, vidole vyeusi. Ikitokea sura ya nane msomaji atasema amedanganywa.

Baraka: Halafu huyo mjukuu, msichana wetu, aende ofisi ya ardhi afanye sachi, yaani apekue rekodi, ajue mmiliki.

Mwl. Katana: Ana miaka 15. Sachi inataka kitambulisho na PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), na nakala ya hati. Hawezi peke yake. Msimrahisishie! Amwombe mtu mzima, na amwombe yule asiyefaa.

Bi Mapenzi: Ami yake 🙈

Mwl. Katana: Huyo huyo. Dalili nyingine: kufungua kesi ya mirathi hutakiwa barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Msichana aikute rasimu ya barua hiyo kwenye koti la ami, warithi wameorodheshwa na nyanya hayumo, ilhali yuko jikoni anapepeta mchele.

Baraka: Nywele zimenisimama. Polisi waingie hapo?

Kadzo: Waingie, ila kwa usahihi. Sheria ya Uchawi, Sura 67, ni ya 1925. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, isipokuwa ukipeleka tuhuma kwa chifu au polisi. Ami akinong'ona kwa chifu, sheria haimshiki. Kikaratasi kinamshika, mradi mwandiko uthibitishwe. Kwa hiyo daftari la madeni ya duka lake, lenye mwandiko wake, liwe limeonekana mapema.

Baraka: Mwisho nyanya apelekwe Kaya Godoma kule Ganze, makazi ya wazee waliotuhumiwa uchawi, awe salama?

Bi Mapenzi: Wazee wanakimbilia huko kweli. Lakini fikiri, mwanangu: akihama, ami kapata alichotaka bila kumwaga damu. Trekta linaingia kesho yake.

Mwl. Katana: Kabla ya kuondoka apite ofisi ya ardhi aweke zuio kwenye hati, shamba lisiuzwe. Yeye mwenyewe, kama mjane, na kiapo chake. Ofisi zinafungwa saa kumi na moja jioni, matatu imepasuka gurudumu, na ami keshajua.

Kadzo: Anza hapo sura ya mwisho, Baraka. Na kichwani leso aivue.