Dada yangu kafiwa, ukoo unachukua shamba: mikataba ya haki za wanawake inamsaidiaje?

MwanaKahama
Wakuu, dada yangu amefiwa na mumewe, huku Shinyanga. Arobaini haijafika, ukoo umeshakaa: shamba na nyumba vinakwenda kwa mdogo wa marehemu, yeye "atatunzwa na watoto". Mtoto mkubwa ana miaka tisa! Kila Machi 8 tunaambiwa nchi imeridhia mikataba ya haki za wanawake. Leo hii inamsaidia nini?

Msaidizi_wa_Sheria
Poleni kwa msiba, kaka. Hayo maneno ya kutunzwa na watoto yamo kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika mila za urithi kuwa sheria: mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Wajane wawili wa huko huko Shinyanga, waliofukuzwa majumbani pamoja na watoto wao wadogo, walilipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa mila hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa kwa sababu ya tarehe iliyokosewa kwenye hati. Wakaenda kamati ya CEDAW, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, na 2015 ikaamua kuwa Tanzania imevunja mkataba iliouridhia 1985, iwalipe fidia na kurekebisha sheria. Inaniuma kila nikiisoma.

Kwenye kikao cha ukoo CEDAW haitawatisha. Swali langu: walifunga ndoa gani? Kama ni ya kanisani na maisha yao hayakuwa ya kimila, msifungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Kule huamuliwa kwa mila au kwa sheria ya Kiislamu. Nendeni mahakama ya juu yake, muombe ifuatwe sheria ya serikali. Hiyo humpa mjane mwenye watoto theluthi moja, na watoto theluthi mbili.

MamaPili
Mimi ni mjane pia. Mwambie asiweke dole gumba kwenye muhtasari wa kikao, hata wakimwambia ni mahudhurio tu. Cheti cha ndoa, cheti cha kifo na karatasi ya kununulia shamba avitoe humo ndani leo, avifiche kwenu.

MwanaKahama
Asanteni sana. Ndoa ni ya kanisani, cheti kipo. Na kama shemeji ameshaomba usimamizi wa mirathi?

Msaidizi_wa_Sheria
Wekeni pingamizi mahakama ile ile aliyoomba, kabla hajateuliwa. Akishateuliwa itabidi muombe uteuzi utenguliwe, na shamba anaweza kuwa ameshaliuza.