Tupeane uzoefu: Namba yako ya eniagramu imebadilika, au ni maisha tu yamekuchosha?

Mama Chanja:
Mwangaluka wadau wa Mwanza na visiwani.

Jana natafuta hati ya kiwanja cha Buhongwa, nikakutana na karatasi ya semina ya 2014. Enzi hizo nilikuwa karani, ofisi ikatujibisha maswali ya eniagramu, zile namba tisa za tabia. Nilitoka tisa, mpatanishi. Na kweli, mimi ndiye niliyekuwa nakatwa foleni ya maji nasema "pita tu dada". Nikipewa kazi ya mwenzangu, nacheka.

Sasa nina mwaka wa saba Mwaloni Kirumba, nauza dagaa. Jana usiku nikajibu maswali yale yale kwenye simu ya binti yangu. Nane! Mbabe, mtu asiyetaka kutawaliwa. Binti kacheka mpaka kakaa chini: "Mama, hilo nalo ulihitaji kuulizwa?" Ni kwamba juzi nilimwaga gunia zima mbele ya mwenye mali. Juu dagaa weupe wanang'aa kama sindano, chini mchanga na vichwa vitupu. Soko lilisimama.

Mwalimu wa semina alisisitiza kwamba namba haibadiliki, ukishatoka nayo utotoni ndiyo hiyo mpaka kaburini. Sasa nani mwongo, mimi au karatasi? Waliojipima zaidi ya mara moja, leteni.

Sato Mkavu:
Nimekaa hapa na karanga zangu.

Kijana wa Igoma:
Mama hujabadilika, umeingia Mwaloni. Pale hata padri akiuza dagaa miezi mitatu anatoka nane.

Mwalimu Mstaafu:
Mwanangu, maswali yale yanapima unachofanya. Namba ni kwa nini unakifanya. Hapo ndipo wengi wanapotea.

Don Riso na Russ Hudson, Wamarekani walioiandikia sana eniagramu, wanasema kila namba ina ngazi tisa za afya. Mtu anapanda na kushuka ndani ya namba yake, haihami. Halafu nane ni jirani wa tisa, na namba ya jirani hukuambukiza tabia zake kidogo, ndiyo wanaita bawa. Jiulize: ulipomwaga lile gunia ulitaka kumshinda yule mtu, au ulitaka kelele ziishe upumue? Kama ni la pili, wewe bado ni tisa, umekasirika tu.

Mama Chanja:
Shikamoo Mwalimu. Ngoja nilifikirie hilo, sijibu leo.

Mpita Kigongo:
Mimi nilikuwa bingwa wa subira. Kivuko cha Kigongo nangoja masaa mawili, natafuna mahindi ya kuchoma, wala sinuni. Tangu daraja lifunguliwe 2025, nikikuta lori mbele yangu mwendo wa konokono napiga honi kama nimebeba mgonjwa. Hiyo ni namba gani?

Kijana wa Igoma:
Namba ya usajili.

Upepo wa Kusi:
Nilitaka nipite kimya, ila hii mada imenigusa pabaya.

2011, mwezi wa saba, kusi linavuma. Nina miaka 24. Kipindi hicho ungenipima ningetoka saba bila mjadala, mtu wa raha. Hela ya sangara ikiingia asubuhi, jioni imeisha, na marafiki nimewalipia. Tulitoka kambini upande wa Ukara tuko wanne, mbalamwezi nyeupe unaona mpaka kucha zako. Saa nane usiku injini ikazima. Tunahangaika nayo, wimbi likatupiga ubavuni, mtumbwi ukapinduka.

Mimi nilishika dumu la petroli la lita ishirini, tupu. Maji ya ziwa usiku hayana baridi sana mwanzoni, baridi inakuja polepole, inaanzia vidoleni. Mkubwa wetu akawa anatuita majina kwa zamu, majina matatu, kila mmoja aitike. Anaita, tunaitika. Anakaa kidogo, anaita tena. Kuelekea saa kumi na moja akaita majina mawili. Lile la tatu akaliruka. Sikuuliza. Mpaka leo sijamuuliza.

Wavuvi walituokota jua limeshatoka. Kesho yake tajiri wetu swali lake la kwanza lilikuwa nyavu ziko wapi.

Tangu hapo mimi ndiye wa kuhesabu watu. Nikipanda daladala nahesabu. Harusi ya mdogo wangu sikucheza, nilikuwa nahesabu meza moja moja. 2019 kuna mtu akanipa yale maswali nikatoka sita, mtu wa hofu na tahadhari. Kwa hiyo anayesema haibadiliki aje anieleze yule kijana wa saba yuko wapi.

Nyavu Kuukuu:
Chai, tena ya moto. Nani anaingia ziwani mbalamwezi? Dagaa wanavuliwa giza, karabai inawavuta. Mtoto wa Ukerewe wa darasa la pili anajua hilo.

Upepo wa Kusi:
Soma tena. Nimeandika sangara. Sangara na karabai wapi na wapi?

Nyavu Kuukuu:
Na hilo dumu tupu lilikuwa linafanya nini?

Upepo wa Kusi:
Petroli ilishamiminwa yote kwenye injini, dumu likabaki. Unataka na risiti?

Bibi Kamanga:
Wewe Nyavu, mtu kakuambia kapoteza mwenzake, wewe unakagua madumu. Una namba gani, tuikwepe?

Mpenda Elimu:
Pole sana Upepo. Ila kifundishwacho ni kwamba sita na saba ni jirani. Hilo ni bawa, namba yako ni ile ile.

Nyavu Kuukuu:
Hapo sasa nageuka, namtetea Upepo. Hesabu na mimi. Mtu wa saba akitoka sita au nane, mnasema bawa. Akitoka moja, mnasema ndiko saba anakoenda akibanwa. Akitoka tano, ndiko anakoenda akikomaa. Ongeza saba yenyewe. Namba tano kati ya tisa zina maelezo tayari! Mganga wa kienyeji angeona aibu, yeye angalau anaomba kuku.

Sato Mkavu:
Karanga zimeisha, nafuata nyingine.

Mtumishi wa Nyegezi:
Ndugu zangu, haya mambo ya namba ni ramli. Mtu hubadilishwa na wokovu.

Mpenda Elimu:
Mtumishi, Wajesuiti kule Marekani waliifundisha tangu miaka ya 1970. Aliyezipanga tabia kwenye ule mchoro wa duara lenye namba tisa ni Oscar Ichazo wa Bolivia, akafundisha Arica, Chile. Claudio Naranjo, daktari wa akili wa Chile, akaipeleka California. Ennea ni Kigiriki, maana yake tisa. Kuku hayumo.

Mtumishi wa Nyegezi:
Hujajibu. Petro alikuwa mvuvi kama Upepo. Alipewa namba gani?

Bibi Kamanga:
Petro alichomoa upanga akakata mtu sikio. Nane huyo, tena mwenye ngazi ya chini.

Nesi wa Zamu:
Natoka zamu ya usiku, nisameheni nikiandika ovyo. Wanasaikolojia wengi eniagramu hawaitegemei, ushahidi wake ni mdogo. Wao wanapima sifa tano kubwa, na wameona kuwa watu wengi wakikua wanazidi kuwa makini na wapole, polepole, bila hata tukio kubwa. Upepo, hilo la kuhesabu watu lisiitwe namba. Hilo ni jeraha. Kuna watu wa kuongea nao, na siyo aibu.

Kijana wa Igoma:
Au arudi ziwani mara moja, hofu itoke.

Nesi wa Zamu:
Usimsikilize huyu.

Mzee wa Buzuruga:
Samaki mkunje angali mbichi. Sato aliyekauka ukimkunja anavunjika. Nina miaka 71, mke wangu amejaribu kunikunja tangu 1979.

Mpenda Elimu:
Ushauri wa bure: ukijibu yale maswali, jijibu kama ulivyokuwa na miaka ishirini, usijijibu kama ulivyo leo.

Bibi Kamanga:
Nani anakumbuka alivyokuwa? Mpe jirani akujibie. Mimi nilimpa mpangaji wangu akanijazia, kodi ikapanda.

Nyavu Kuukuu:
Upepo, pole mkuu. Shangazi yangu aliondoka na kivuko cha MV Nyerere kilipozama pale Ukara, Septemba 2018. Nikisoma habari za kuzama nakuwa mkali hovyo, naanza kutafuta kosa. Nisamehe.

Upepo wa Kusi:
Yameisha kaka. Pole na wewe.

Sato Mkavu:
Nimerudi, nakuta watu wanaombana msamaha. Mama Chanja, dagaa wa Ukerewe leo gunia bei gani? Nataka robo tu, nina mgeni kutoka Dodoma.

Mama Chanja:
Njoo tu baba, bei tutaelewana, hatuwezi kugombana kwa ajili ya dagaa.

Mwalimu Mstaafu:
Tisa!

Mama Chanja:
Ila kukopa hakuna.